Ukali peke yake hauipi siga alama 96

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapisha miezi michache iliyopita, ambamo mwandishi wenu alionja siga moja kutoka Nikaragua, mojawapo ya zile sigara nene za majani matupu zinazoviringishwa kwa mkono, akaitunuku alama 96 kati ya 100. Sigombani naye kwa kuipenda siga yake. Ninachokipinga ni jinsi alama hizo zilivyopatikana, kwa maana nimeisoma makala hiyo kwa utulivu, na kila nilipotafuta sababu ya sifa nimekuta sababu ileile ikirudiwa kwa maneno mengine: siga ilikuwa kali, ilimtoa jasho, haiwafai wanaoanza, na ilipofika nusu ilimlazimu kukaa kitako. Hizo zote ni habari za nikotini. Kuhusu ladha, ambayo ndiyo mtu huilipia anaponunua kitu cha bei kama ile, msomaji hakuambiwa karibu chochote ila pilipili.

Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka katika majani ya tumbaku. Nilikuwa mpangaji wa madaraja katika kituo cha ununuzi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikipokea marobota ya wakulima, nikiyafungua, na kuamua kila fungu liingie daraja lipi. Katika kazi hiyo jambo la kwanza kutazamwa ni sehemu ya mmea ambako jani lilichumwa. Majani ya chini huwa membamba na mepesi, wala hayana nguvu. Ya juu, ambayo yamepigwa na jua kuliko mengine na hukaa shambani muda mrefu zaidi, huwa mazito, yenye mafuta, na yamejaa nikotini. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniambia kwamba jani la juu ni bora kwa sababu ni kali. Aliuliza jani hilo linakwenda kufanya kazi gani, kisha akalipa kulingana na lilivyokauka, lilivyo safi, na lilivyo laini mkononi. Tumbaku yetu ni ya sigara za kawaida, na nyingi imekaushwa katika mabanda yanayopashwa moto kwa kuni, jambo lililotugharimu miti isiyohesabika, ilhali tumbaku ya siga huning'inizwa kivulini na kukaushwa na hewa kwa majuma kadhaa. Hata hivyo, kanuni ya nafasi ya jani kwenye shina ni ileile kwa mkulima wa Maracha huku kwetu na kwa mkulima wa Estelí huko Nikaragua.

Wakulima wa Kuba na Nikaragua wanayaita majani hayo kwa majina yake: volado kwa yale ya chini, kisha seco na viso, na ligero kwa yale ya juu. Siga nzuri haitengenezwi kwa ligero peke yake. Volado huisaidia kuungua, seco huleta harufu, na ligero hutoa nguvu. Na kwa kuwa ligero ni nene na huungua polepole, mviringishaji huliweka katikati kabisa ya fungu ili lizungukwe na majani yanayoshika moto upesi. Fungu hilo hushikwa na jani imara la kufungia, kisha huvikwa jani la nje, lile linaloonekana dukani, ambalo huchaguliwa kwa uzuri wake na mara nyingi hugharimu kuliko majani mengine yote. Kwa hiyo kuifanya siga iwe kali si kazi ya kumtoa mtu jasho kiwandani: anaongeza ligero, basi. Kazi ni kuufanya ukali huo uwe na kitu cha kusema mdomoni.

Hapo ndipo uchachushaji unapoingia, na nashangaa kwamba makala haikuugusa kabisa. Majani yaliyokauka hurundikwa katika malundo makubwa, yakanyunyiziwa maji kidogo, na kwa uzito na unyevu wake yenyewe yakaanza kupata joto. Joto hilo hupimwa. Likipanda mno, lundo huvunjwa na kupangwa upya, majani ya nje yakaingia ndani na ya ndani yakatoka nje. Katika muda huo amonia hutoka, nayo ni nyingi kiasi kwamba aliyeingia katika ghala la namna hiyo macho humtiririka machozi. Ligero, kwa unene wake, huhitaji muda mrefu kuliko majani mengine. Kiwanda chenye haraka hukatisha kazi hiyo, na siga yake humchoma mvutaji puani na kumkwaruza kooni. Mwonjaji asiye na mazoea huuita mkwaruzo huo ukali, akaupa alama, kumbe anazawadia jani ambalo halikuiva.

Naona basi kwamba mambo matatu yamechanganywa katika makala. Kuna ukali, ambao ni nikotini na husikika kichwani na tumboni. Kuna uzito, ambao ni jinsi moshi unavyojaza mdomo na kukaa ulimini, na huo ndio hasa wajuzi wanaoukusudia wanaposema siga ni nzito. Na kuna ladha yenyewe. Siga inaweza kuwa nzito bila kuwa kali sana, na nimekutana na siga kali ambazo mdomoni ni nyepesi mithili ya maji ya moto. Aliyezipa zote tatu jina moja hawezi kutuambia alionja nini.

Rangi nayo ilimdanganya mwandishi wenu. Aliandika kwamba jani la nje lilikuwa jeusi karibu kama kahawa iliyokaangwa, akalichukua kuwa ushahidi wa nguvu ya siga. Majani meusi ya aina ya maduro hupata rangi hiyo kwa kuchachushwa muda mrefu zaidi na katika joto kubwa zaidi, na matokeo yake kwa kawaida ni utamu, si ukali. Jani linalotumiwa sana kwa kazi hiyo ni lile pana la bonde la mto Connecticut huko Marekani, ambalo hukuzwa juani na kuvunwa kwa kukata shina zima badala ya kuchuma jani mojamoja. Ukali wa siga unatoka ndani, mahali ambapo macho hayafiki.

Kuhusu jasho na kizunguzungu, maelezo yake ni mepesi. Moshi wa sigara za kawaida una asidi kiasi, hivyo mvutaji huuingiza mapafuni ili nikotini ifike mwilini. Moshi wa siga una asili ya alkali, na nikotini yake hupenya kwenye utando laini wa mdomo hata kama moshi haukumezwa. Mwandishi anasema alivuta asubuhi kabla ya kula, na kwamba siga ya inchi 5 yenye kipimo cha 50, yaani unene wa sehemu 50 kati ya 64 za inchi, aliimaliza kwa dakika 30. Siga ya ukubwa huo humchukua mvutaji mtulivu dakika 45 hadi saa nzima, akivuta takriban mara moja kwa dakika na kuiacha ipumzike. Ukiikimbiza, moto wake hupanda, mafuta ya majani huungua badala ya kuyeyuka polepole, na kila kitu huwa pilipili na uchungu. Pilipili aliyoisifu katika aya tatu inawezekana ilitoka katika pupa yake mwenyewe.

Tena hakutuambia siga ilitunzwa wapi. Siga inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi, ndani ya sanduku lililofunikwa kwa mbao za mwerezi, na kipima unyevu kinachosema kweli. Kampala, duka likiwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku, siga hukauka na kulowa kila siku mpaka jani la nje likapasuka. Kwetu Arua, upepo wa kiangazi wa Desemba hadi Februari huifanya tumbaku kuwa makapi ndani ya siku chache ikiachwa wazi. Na mahali penye joto pana mdudu wa tumbaku, yule mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye mayai yake huja na jani na huanguliwa hifadhi inapopata joto. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo kwenye siga, usiulize tena chapa. Siga iliyokauka huungua haraka na kwa joto kali, nayo pia huonekana kali kuliko ilivyo. Bila habari hizi, alama 96 zinaweza kuwa za kiwanda, za duka, au za hali ya hewa.

Nchi hii haihitaji kwenda mbali kujifunza namna ya kuonja kitu na kukipa alama. Waonjaji wetu wa kahawa hufanya hivyo kila msimu. Kahawa ya Bugisu kutoka mlima Elgon inapofika mezani, huwekwa vikombe vitano vya sampuli moja, si kimoja, kwa sababu kikombe kimoja kinaweza kuwa na punje moja iliyooza na kikombe kingine kisiwe nayo. Mwonjaji hasomi jina la mkulima bali namba. Kiasi cha unga na maji ni kilekile kwa wote. Na kahawa hunywewa ikiwa moto, ikipoa kidogo, na ikipoa kabisa, maana kasoro nyingi hujificha katika joto. Alama 80 kati ya 100 ndizo zinazoiingiza kahawa katika kundi la kahawa maalumu, na hakuna mwonjaji wa Mbale atakayeipa alama nyingi kwa sababu tu imemnyima usingizi. Robusta ina kafeini nyingi kuliko Arabika, na kila mtu anajua. Hilo halihesabiwi kuwa sifa wala dosari.

Mimi na wenzangu wachache, wengi wao wastaafu wa biashara ya majani, hujaribu kufuata adabu hiyohiyo tunapopata siga nzuri, kwa kawaida kutoka kwa ndugu anayerudi safari. Baada ya kusoma makala yenu tulipata siga za chapa ileile na ukubwa uleule, tukazitunza majuma kadhaa zitulie, kisha tukakutana baada ya chakula cha mchana nyuma ya nyumba ya mwenzetu huko Ntinda jijini Kampala, mahali pa faragha penye kivuli. Mwenye nyumba alizivua siga pete zote za karatasi zenye chapa, akachanganya humo siga za nchi nyingine mbili za ukubwa ule, akazifunga uzi wenye alama, na hakutuambia ipi ni ipi mpaka tulipomaliza kuandika.

Kabla ya kuwasha, tuliziminya kwa vidole kutoka kichwani hadi mwishoni, tukitafuta mahali palipolegea au pagumu. Siga ya makala ilikuwa imara, jani la nje lenye mafuta, mishipa myembamba, na kichwa kilichofungwa kwa ustadi. Ilipokatwa na kuvutwa ikiwa baridi ilitoa utamu wa zabibu kavu na harufu ya boma la ng'ombe baada ya mvua, ambayo kwa siga ni sifa, msinicheke. Theluthi ya kwanza ilifunguka kwa pilipili manga, hasa ulipoutoa moshi taratibu kwa puani, lakini pilipili hiyo haikudumu zaidi ya dakika 10. Theluthi ya pili ndiyo iliyonifanya niache kuzungumza: kakao isiyotiwa sukari, kahawa, ngozi ya kiatu kipya, na chini yake utamu wa sukari guru uliokuja na kuondoka. Moshi ulikuwa mzito, ukajaza mdomo bila kukwaruza, jambo lililonionyesha kwamba majani yale yalichachushwa na watu wenye subira. Theluthi ya mwisho ukali ulipanda kweli, udongo na uchungu wa ganda la mti vikatawala, na ladha zilizokuwa tatu au nne zikawa moja. Hapo mimi niliiweka chini. Siga hupumzishwa kwenye kisahani ikazimika yenyewe. Kuing'ang'ania mpaka vidole vinaungua ni kujitafutia sifa za bure.

Hiyo ilikuwa siga moja. Ya mwenzangu, kutoka kisanduku hichohicho, ilikaza. Kuivuta kulikuwa kama kunyonya uji mzito kwa mrija, ikaungua upande mmoja na kuuacha mwingine, akalazimika kuiwasha tena mara kadhaa, na kila mara ladha ilirudi ikiwa chungu zaidi. Mviringishaji alikuwa amelipinda fungu la ndani au amelijaza mno. Kazi ya mkono ndivyo ilivyo, na viwanda vingi makini hupima mvuto wa fungu kwa mashine kabla ya kulivika jani la nje kwa sababu hiyohiyo. Mwandishi wenu alivuta siga moja tu, ikamkubali. Je, vipi yule msomaji aliyekwenda dukani kesho yake akakutana na ile ya mwenzangu?

Niliipa ya kwangu 91. Ya mwenzangu yeye mwenyewe aliipa 83, na nadhani alikuwa mkarimu. Tulipowekewa wazi majina, mmoja wetu aliyekuwa ameisifu sana siga ya Honduras akidhani ndiyo ya Nikaragua alinyamaza muda mrefu. Ningelazimika kuandika alama moja gazetini kwa ajili ya chapa ile, ningeandika 88, nikieleza mara moja kwamba ladha ya theluthi ya pili inastahili zaidi na utengenezaji unastahili pungufu.

Najua 88 inaonekana ndogo mbele ya 96, na kosa hilo si la mwandishi wenu peke yake. Kipimo cha 100 kilienea katika ulimwengu wa siga kupitia jarida la Marekani la Cigar Aficionado, lililoanza mwaka 1992, ambalo waonjaji wake hupewa siga zilizofichwa chapa na hutazama mambo manne: sura na utengenezaji, ladha, tabia ya siga inapovutwa, na hukumu ya jumla. Kwa kipimo chao, 80 hadi 89 ni nzuri sana, 90 hadi 94 ni bora, na 95 kwenda juu ni daraja la siga za kukumbukwa, ambalo siga chache mno hulifikia. Lakini wauzaji wamewazoesha watu kuiona 89 kuwa aibu, na matokeo yake kipimo cha 100 kimebaki na ngazi kumi tu zinazotumika. Ukianza na 96 kwa siga ya kwanza gazetini, ya pili utaipa ngapi?

Kuna jambo jingine zito zaidi, nalo ndilo linalonifanya nisitaje jina la kiwanda hata mara moja katika barua hii. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kutangaza na kuhamasisha bidhaa za tumbaku nchini Uganda, inazuia kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Mimi si mwanasheria. Naona tu kwamba makala iliyotaja chapa, duka, bei, na alama 96, bila kueleza jinsi alama zilivyopatikana, inafanana mno na tangazo kuliko inavyofanana na uhakiki. Isitoshe, mwandishi alisema siga ni salama kwa kuwa moshi wake hauingizwi mapafuni. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayolingana na pakiti nzima ya sigara, na saratani za mdomo, koo na umio haziulizi kama moshi ulimezwa. Sentensi ile inastahili kusahihishwa katika toleo lijalo, kwa herufi za ukubwa uleule iliochapishwa nao. Sisi wazee wenye mazoea yetu tunayajua tunayoyafanya na hatuhitaji kubembelezwa. Kijana wa miaka 22 aliyeisoma makala ile hajui.

Iwapo mwandishi wenu ataandika tena juu ya siga, namwomba afunike chapa, avute zaidi ya moja kutoka kisanduku kimoja, ale kwanza, aandike dakika alizotumia na unyevu wa sanduku zilimotunzwa, na autaje ukali katika mstari wake peke yake, mbali na uzito na mbali na ladha, ili mwenye tumbo jepesi ajue na mwenye ulimi ajue. Alama zikibaki 96 baada ya hayo yote, nitaisoma makala yake kwa makini, na huenda nikaomba kuketi naye kwenye meza hiyo.

Wako msomaji,
Mpangaji mstaafu wa madaraja ya tumbaku,
Arua